Maji hayana esanse ndani yake

Kasongo, Maniema

Kwa Mabwana Wasimamizi wa teritwari za Kasongo na Kabambare,
Kwa waganga wakuu wa zoni za afya za Kasongo, Kunda, Samba, Lusangi, Kabambare na Saramabila,
Kwa maprefe na walimu wa sayansi wa shule za sekondari,
Na kwenu, wadogo zangu mafundi wa redio, simu na gurupu.



Nawaandikia kwa sababu ya chupa moja. Ni chupa ya kioo, ya lita moja hivi. Kifuniko chake kimetobolewa, vikapitishwa vijiko viwili vya chuma kisichoshika kutu. Ndani yake mna maji yenye munyu wa kupikia. Juu umechomekwa mrija wa serumu ili gesi ipate njia, na waya mbili zinatoka kwenye vijiko kwenda kwenye betri ya pikipiki. Kiangazi kilichopita kijana mmoja wa mtaani kwetu aliwasha kiberiti kwenye ncha ya mrija huo. Moto ulirudi ndani, chupa ikapasuka, vipande vya kioo vikamwingia mkononi na shingoni. Nilikuwa miongoni mwa waliombeba kumpeleka kwa waganga. Amepona, lakini vidole vyake viwili havikunjiki tena.

Nilipomwuliza alichokuwa akitafuta, hasira ilinitoka. Alitaka kuwasha gurupu la umeme la baba yake bila esanse. Alikuwa ameonyeshwa jambo hilo kwenye simu ya mwenzake, na tangu siku hiyo nimesikia habari za chupa nyingine kama ile, hapa mjini na kwenye njia ya kwenda Kabambare. Nimefundisha kemia na fizikia kwa miaka mingi upande huu wa Maniema, na sasa nimestaafu. Nikinyamaza, kijana atakayefuata atakuwa ameumia mbele ya macho yangu.

Kwanza niseme kwamba vijana hawa wana haki ya kutafuta. Nchi yetu ina mabwawa ya umeme ya Inga, ambako kituo cha kwanza kilianza kutoa umeme mwaka 1972 na cha pili mwaka 1982. Hata hivyo ni kama Mkongo mmoja tu kati ya watano aliye na umeme nyumbani, na huku vijijini ni wachache zaidi. Bidoni ya esanse inapofika sokoni kwetu imeshapita mikono mingi: imeshushwa kwenye lori au mtumbwi, imefungwa kwenye pikipiki, imevuka matope na vivuko, na kila mkono umeongeza faranga zake. Makala nayo kila mwaka yanatoka mbali zaidi. Kijana anayeishi hivyo akiambiwa kwamba maji ya mto Lualaba au Luama yanaweza kupasuliwa yakatoa gesi inayowaka, ni lazima ajaribu. Asingejaribu, ningemwogopea zaidi.

Tena alichosikia kina ukweli. Mwaka 1800 Waingereza wawili, William Nicholson na Anthony Carlisle, walipitisha ndani ya maji umeme wa betri ambayo Mwitalia Volta alikuwa ameitangaza mwaka huohuo. Waliona mapovu yakitoka kwenye ncha za waya. Upande wa hasi hutoka hidrojeni na upande wa chanya hutoka oksijeni, na hidrojeni huwa mara mbili ya oksijeni kwa ujazo. Mapovu ya kwenye chupa za vijana wetu ni hayohayo, na hidrojeni yake inawaka kweli.

Ila tazameni inachokuwa ikishawaka. Inaungana tena na oksijeni, inarudi kuwa maji. Maji ni hidrojeni iliyokwisha kuungua, kama majivu yalivyo makala yaliyokwisha kuungua. Anayetaka moto kutoka kwenye majivu sharti kwanza ayarudishie majivu yale moto wote yaliyokwisha kutoa. Deni hilo, katika chupa ile, linalipwa na betri.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tufungue daftari.

Chukueni betri ya volti 12, mpitishe ampea 10 kwa saa moja katika chupa yenye vijiko viwili. Mmetoa kwenye betri wati-saa 120, ambazo ni kilojuli 432. Kwa kanuni aliyoiweka Michael Faraday mwaka 1834, umeme huo unatoa kama lita nne na nusu za hidrojeni katika joto letu la hapa. Lita hizo zikiungua zote, bila kupotea hata povu moja, zinarudisha kilojuli 53. Kwa kila sehemu nane za umeme mlizoweka, saba zimeishia kupasha chupa joto. Kuchemsha lita moja ya maji ya kisima kunataka kilojuli 314 hivi. Kwa hiyo saa nzima ya betri imewapa moto wa kuchemsha kikombe kimoja kidogo cha chai.

Fundi mwerevu atajibu: tupange chupa sita mfululizo, kila moja ipate volti 2. Amesema vema, na hapo gesi itafika kilojuli 320, karibu robo tatu ya umeme wenyewe. Sasa itieni gesi hiyo kwenye gurupu. Injini ndogo hugeuza kama sehemu moja ya tano ya moto kuwa umeme, na nyingine zote zinapotea kwa joto. Mtabaki na kilojuli 64 kati ya zile 432. Ni kama kumkopesha mtu faranga 100 akakurudishia 15. Kisha lipimeni gurupu lenyewe: dogo linalokunywa nusu lita ya esanse kwa saa linakula kilojuli 16,000 hivi, na chupa zenu sita zimeleta 320. Mngehitaji mitambo hamsini ya namna hiyo na betri hamsini za kuilisha, na bado hatujauliza betri hizo zitachajiwa na nini.

Wenye viwanda vikubwa nao hawakuikwepa hesabu hii. Mitambo yao inakula kilowati-saa 50 hadi 55 kupata kilo moja ya hidrojeni, na kilo hiyo ikiungua haiwezi kurudisha zaidi ya 39. Huko Kwekwe, Zimbabwe, kiwanda cha Sable Chemicals kilipasua maji kwa miongo kadhaa. Hidrojeni yake haikuchomwa kama mafuta. Ilikuwa kiungo cha kutengenezea mbolea, na kazi hiyo iliwezekana kwa sababu umeme ulikuwa rahisi. Umeme ulipokuwa ghali na haba, mwaka 2015 mitambo hiyo ikazimwa.

Mzee mmoja aliniuliza baada ya sala: mbona Ziwa Kivu linatoa gesi, na gesi hiyo inaleta umeme? Ni swali zuri, na wengi wanalo. Gesi ya Kivu ni methani. Imekusanyika chini kabisa ya ziwa kwa karne nyingi, imeyeyuka ndani ya maji kama gesi ilivyo ndani ya chupa ya bia iliyofungwa. Upande wa Rwanda kiwanda cha bia cha Gisenyi kilianza kuitumia mwaka 1963, na leo mtambo wa KivuWatt unazalisha megawati 26 kwa gesi hiyo. Maji ya Kivu hayapasuliwi. Yanavutwa juu, gesi inajitenga, na maji yanarudishwa ziwani. Maji ya Lualaba hayana akiba kama hiyo, na hakuna betri itakayoiweka humo.

Nazungumza na Wasimamizi sasa. Palipo na shida ya mafuta hufika mtu wa kuuza muujiza. Nimemwona mgeni aliyekusanya pesa za vijana akiwaahidi kifaa cha kufunga kwenye pikipiki ili iende kwa maji. Aliondoka nazo. Hatukuwa wa kwanza duniani. Huko Ohio, Marekani, Stanley Meyer alitangaza kwamba ana gari linaloendeshwa kwa maji. Waliomwekea fedha walimshtaki. Wataalamu waliochunguza mtambo wake kwa ajili ya kesi waliona upasuaji wa maji wa kawaida, na mwaka 1996 mahakama ikaamua kwamba ni ulaghai na kuamuru arudishe dola 25,000. Nchini Ufilipino, Daniel Dingel alisimulia habari za gari lake la maji kwa miaka mingi, na mwaka 2008 alihukumiwa kifungo kwa kosa la kumlaghai aliyemwekea fedha. Marekani na Ufilipino zina maabara na mahakama zinazofanya kazi, na bado watu walipoteza mali. Je, mama wa Lusangi anayeuza mchele ili mwanawe anunue kifaa hicho atalindwa na nani kama si ninyi?

Kwenu, wadogo zangu, nina neno la hatari, na naomba mlisome mara mbili. Gesi inayotoka kwenye chupa yenye vijiko viwili ni hidrojeni na oksijeni zilizokwisha kuchanganyika. Haihitaji hewa ya nje ili iwake. Katika hewa ya kawaida hidrojeni inashika moto ikiwa asilimia 4 tu hadi asilimia 75, na cheche ndogo msiyoiona, ya swichi au ya nguo kavu, inatosha kuiwasha. Mchanganyiko huo ukiwaka ndani ya chombo kilichofungwa haukupi nafasi ya kutupa na kukimbia. Usiuhifadhi kamwe kwenye chupa, kwenye mpira wa gari wala kwenye puto. Na ndimi za moto wa hidrojeni hazionekani vizuri mchana, kwa hiyo mtu anaweza kuweka mkono wake ndani ya moto akidhani pako salama.

Kuna la pili. Mnapotia munyu majini, upande wa chanya hautoi oksijeni peke yake. Unatoa pia klorini, ile harufu kali inayokwaruza koo. Ni gesi ambayo jeshi la Ujerumani liliwafungulia maadui wake huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, na watu wakafa kwa kuivuta. Nimeingia katika chumba kimoja cha kulala ambamo chupa kama hiyo ilikuwa ikifanya kazi usiku, na watoto wamelala pembeni. Vijiko navyo vinaliwa. Maji yakigeuka rangi ya manjano au ya kutu, yana madini ya sumu kutoka kwenye chuma hicho. Msiyamwage karibu na kisima.

Lakini hapa ndipo ninapotaka mnisikilize wote, wakubwa na wadogo, kwa sababu sikuandika barua hii ili kuzima taa. Ile klorini mnayoikimbia ndiyo mali yenyewe. Mmekuwa mkifukuza povu na kumwaga dawa.

Klorini ikibaki katika maji yaleyale ya munyu inaungana na soda kaustiki inayozaliwa upande wa hasi, na kinachopatikana ni Javel, ileile inayosafisha sakafu za hospitali na kuua vijidudu katika maji ya kunywa. Shirika la Antenna la Geneva, Uswisi, lilitengeneza kifaa kiitwacho WATA kinachofanya kazi hiyo kwa munyu, maji na umeme kidogo, hata wa pano ya jua. Kimekwisha kutumika hapa Kongo katika mapambano dhidi ya kipindupindu. Maji yanayotoka humo yana gramu 6 za klorini kwa lita, na lita moja inatosha kutibu kama lita 4,000 za maji ya kunywa.

Rudini kwenye daftari letu. Kwa kanuni ileile ya Faraday, ampea 10 kwa saa moja zinaweza kutoa gramu 13 za klorini. Hata nusu ikipotea, zinabaki zaidi ya gramu 6. Umeme ambao kwa njia ya moto ulichemsha kikombe kimoja cha chai unaweza, kwa njia hii, kusafisha bidoni 200 za lita 20. Mama anayeamka alfajiri kuteka maji mtoni anajua uzito wa bidoni moja. Azidishe mara 200.

Na sisi tunaijua haja ya maji hayo. Kipindupindu kiliingia mashariki ya nchi mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo kinarudi kufuata maziwa ya mashariki na mto Lualaba. Javel inayotoka mbali inapoteza nguvu njiani, kwa sababu joto na jua vinaila. Ikitengenezwa hapahapa, munyu ukanunuliwa sokoni na umeme ukatoka kwenye pano iliyo juu ya paa la kituo cha afya, itatumika ikiwa na nguvu zake zote.

Naweka onyo, ili mtu asijifungie nyumbani akajaribu kwa vijiko. Maji ya vijiko hayanyweki. Kifaa cha kweli kina elektrodi za titani zilizopakwa madini yasiyoliwa, na dawa inayopatikana inapimwa nguvu kabla ya kutiwa kwenye maji ya watu. Hidrojeni bado inatoka humo, kwa hiyo kifaa kinawekwa penye hewa, mbali na moto. Kazi hii inataka fundi aliyefundishwa, na mafundi hao tunao: ni walewale wenye chupa.

Kwa hiyo naomba haya.

Mabwana Wasimamizi, msiwakamate vijana wanaojaribu, wala msiwanyang'anye betri zao. Katazeni jambo moja: mtu asiuze kifaa cha maji ya kuendeshea injini, wala asikusanye pesa za watu kwa ahadi hiyo, kabla kifaa hicho hakijapimwa hadharani. Upimaji wenyewe hauhitaji maabara. Gurupu liwashwe likiwa na lita moja ya esanse na balbu zilezile, mara moja na kifaa na mara moja bila kifaa, saa ihesabiwe mbele ya watu, na betri ipimwe kabla na baada. Anayesema kweli hatapoteza chochote kwa kupimwa.

Waganga wakuu wa zoni, katika maombi mnayopeleka jimboni, Kindu, na kwa mashirika yanayotusaidia, ombeni vifaa vya kutengeneza Javel pamoja na dawa za kuipima, na ombeni pia mafunzo kwa fundi mmoja wa kila kituo. Kifaa kisicho na fundi hugeuka chuma chakavu baada ya mvua mbili. Mchukueni fundi huyo kutoka mtaani, kati ya vijana ambao tayari wanajua chanya na hasi.

Maprefe na walimu wenzangu, watoto wanajifunzia uani kwa sababu darasani tumewaandikia fomula ubaoni tukafuta. Pasueni maji mbele yao mara moja kwa mwaka. Inatosha betri ndogo za tochi, waya mbili za chuma kisichoshika kutu, maji yenye magadi kidogo badala ya munyu, na tyubu mbili nyembamba zilizopinduliwa, kila moja juu ya waya wake, ili gesi zisikutane. Watoto wataona upande mmoja ukijaa karibu mara mbili ya mwingine. Mwalimu mwenyewe, akiwa amevaa miwani na darasa likiwa limesogea nyuma, asogeze kijiti chenye moto kwenye ile tyubu ya hidrojeni, isiyozidi ujazo wa kijiko cha chai, na wote wasikie mlio wake mdogo. Kisha wakae chini na mita ya umeme na wapige hesabu niliyoipiga hapa. Mtoto aliyeipiga kwa mkono wake hatauziwa gari la maji maisha yake yote.

Nanyi, wadogo zangu, sitawaambia mwache. Nawaambia mpime. Kabla ya kuwasha kiberiti, andikeni volti, ampea na dakika. Andikeni kilichoingia na kilichotoka. Mkiona kilichotoka kimezidi kilichoingia, jueni mmekosea kupima, mrudie. Nguvu zenu zinahitajika kwenye kazi zinazolipa: pano na betri zinazodumu, mashine ndogo za umeme kwenye vijito vyetu vinavyotiririka mwaka mzima, jiko linalokula makala nusu, na hii Javel. Nimewafundisha wengi wenu. Najua mnachoweza.

Kijana wa chupa ile anakuja kwangu siku za Jumamosi. Tumetoa vijiko vyake kwenye kifuniko, na tunajifunza kusoma mita. Mkono wake wa kulia hauwezi kushika bisibisi vizuri, kwa hiyo anaandika namba kwa mkono wa kushoto, polepole, bila kuruka hata mstari.

Naomba Bwana Msimamizi apange siku moja ya soko, Kasongo au Kabambare, tupime hadharani mbele ya kila mtu. Mita ninayo, na daftari ninalo. Siku yoyote mtakayoitaja, nitakuja.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa kemia na fizikia, Kasongo